Umetembea saa moja, je, umejipatia chapati?

Mwezi uliopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa mama mmoja, mwalimu wa shule ya msingi mjini Karatu. Uliingia saa kumi na moja alfajiri. "Shikamoo daktari. Natembea saa nzima kila siku, huu ni mwezi wa tatu. Jana nimepima uzito kliniki, nimeongezeka kilo moja. Nimechoka. Niambie ukweli, haya mazoezi yanasaidia au tunadanganyana?"

Nilimpigia mchana wakati wa mapumziko ya shule. Ana miaka 46, uzito kilo 84, urefu sentimita 160, na anatumia dawa za shinikizo la juu la damu. Kliniki walishamwambia kwamba akipunguza hata kilo tano, presha yake inaweza kutulia zaidi. Mwanawe anayesoma chuo Arusha alimnunulia saa ya mkononi, ile inayohesabu hatua na kuunganishwa na simu. Kila alfajiri anavaa raba, anafunga kanga kiunoni, anatembea, anarudi jasho likimtoka. Saa inamwonyesha kalori 410. Programu ya kwenye simu, ambamo huandika kila anachokula, inazichukua zile 410 na kumwongezea kwenye posho yake ya chakula cha siku.

Akifika nyumbani anaitumia posho hiyo. Chapati moja na kikombe cha chai ya maziwa.

"Sikuwa nakula ovyo, daktari," aliniambia. "Nilikula nilichokifanyia kazi."

Swali hili nalisikia kila wiki kwa sura mbalimbali. Yupo baba anayecheza mpira Jumapili na wazee wenzake, halafu anakunywa bia mbili kwa hoja kwamba ameshazilipia uwanjani. Yupo dada wa gym anayepitia chipsi mayai njiani kurudi nyumbani. Wote wanauliza jambo moja: nishati niliyoitumia kwenye mazoezi, niirudishe kwa kula, au niiache ipotee?

Kwa wengi wenu mnaosoma safu hii mkiwa na uzito uliozidi na mnataka kuupunguza, jibu langu ni kwamba msiirudishe. Wapo ambao jibu lao ni kinyume kabisa, na kwao kosa linaweza kuwa la hatari. Nitafika kwao. Kama unatumia dawa za kisukari, au una mtoto anayekimbia mbio, tafadhali usiishie katikati.

Tuanze na hesabu ya yule mwalimu. Kalori ninazozitaja hapa ni zile kubwa, ambazo wataalamu huziita kilokalori na ndizo zinazoandikwa nyuma ya pakiti za vyakula.

Mtu akikaa tu kwenye kiti, mwili wake hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa saa moja. Moyo unadunda, mapafu yanapumua, ini linafanya kazi, yote hayo yanahitaji nishati. Kwa kilo 84 ni kalori 84. Akitembea kwa mwendo wa kawaida, kama kilomita tano kwa saa, hutumia karibu mara tatu na nusu ya hapo, yaani kalori 294 hivi. Saa yake ilimwambia 410. Tayari kuna zaidi ya 100 ambazo sijui zimetoka wapi.

Bado hatujamaliza. Katika hizo 294, kalori 84 angezitumia hata kama angebaki kitandani. Programu ilikuwa imeshamhesabia zile 84 asubuhi, ilipompangia posho ya siku nzima. Ikamhesabia tena aliporudi matembezini. Ni kama mtumishi aliyelipwa mara mbili kwa safari moja, na sote tunajua hesabu za namna hiyo huishia wapi mkaguzi akija. Alichoongeza kweli kwa kutembea ni kalori 210.

Sasa chapati. Unga gramu 60 ni kalori 210 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kalori 120, na wapishi wetu wa chapati hawaishii kwenye kijiko kimoja. Weka 330. Chai yenye nusu kikombe cha maziwa na vijiko vidogo vitatu vya sukari ni kalori 120 au 130. Jumla 460 kwa makadirio ya mkono mwembamba. Ametoa 210, ameingiza 460. Ugali wa usiku aliokuwa ameupunguza kwa uchungu aliurudisha asubuhi bila kujua, na nyongeza juu yake.

Lawama hii siielekezi kwake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio la saa saba za aina hii zilizovaliwa na watu 60 wa kujitolea. Kwa kupima mapigo ya moyo, nyingi zilifanya vizuri. Kwa kalori, ile iliyokuwa bora kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokuwa mbaya kuliko zote ikakosea kwa asilimia 93. Saa haijui una misuli kiasi gani wala mafuta kiasi gani. Inakisia kutokana na uzito uliouandika, mapigo ya moyo na jinsi mkono unavyotikisika. Hata mashine za kukimbilia za gym zinakisia tu, ingawa zinaandika namba kwa taa nyekundu kana kwamba zimeona mwenyewe.

Wapo wanaosema, basi kula nusu ya namba ya saa. Ni ushauri wa watu wenye nia njema, na ni bora kuliko kula yote. Mimi siupendi kwa sababu nusu ya namba usiyoijua ni namba nyingine usiyoijua. Pia unamfundisha mtu kuamka kila siku akidai malipo.

Lipo jambo kubwa zaidi ya kosa la saa, na kulieleza inabidi tuteremke kutoka Karatu mjini kwenda Mang'ola, mpaka kando ya Ziwa Eyasi. Huko wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Kwa miaka mingi sisi watu wa afya tulisema kwa uhakika kwamba watu kama hao ni wembamba kwa sababu wanachoma kalori nyingi kuliko sisi tunaokaa maofisini. Ilionekana wazi kiasi kwamba hakuna aliyehangaika kupima.

Hatimaye walipimwa. Kundi la watafiti lililoongozwa na Herman Pontzer, akiwemo Brian Wood aliyekaa sana na Wahadzabe, lilipima watu wazima 30 na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Hawakutumia saa. Walitumia njia inayoaminika kuliko zote kwa mtu anayeendelea na maisha yake: unakunywa maji ambayo haidrojeni na oksijeni yake zimewekewa alama, halafu mkojo wako unapimwa kwa siku kadhaa ili kuona alama hizo zinapungua kwa kasi gani. Kutokana na hapo inajulikana umetoa hewa ya kaboni kiasi gani, na kwa hiyo umetumia nishati kiasi gani.

Wanaume walikuwa wakitembea kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu sita, wengi wakiwa na mzigo au mtoto mgongoni. Matumizi yao ya nishati yalikuwa kama kalori 2,600 kwa mwanaume na 1,900 kwa mwanamke. Watafiti walipozingatia ukubwa wa miili, hawakuona tofauti na watu wa Marekani na Ulaya wanaoendesha magari na kukaa kwenye viti siku nzima.

Nilipousoma utafiti ule nilidhani nimekosea mstari, nikarudia. Inakuwaje mtu anayechimba mizizi kwenye ardhi ngumu tangu asubuhi atumie nishati sawa na karani?

Maelezo ambayo Pontzer amekuwa akiyatetea tangu hapo ni kwamba mwili una bajeti. Ukitumia zaidi kwenye kutembea, baada ya muda unabana mahali pengine. Unapunguza yale matumizi usiyoyaona, pengine kwenye uvimbe wa ndani usio na sababu, kwenye homoni za msongo, hata kwenye kuhangaika ovyo kwa mikono na miguu unapokaa. Kuna wataalamu wanaobishana naye kuhusu ukubwa wa kubana huko, na watu 30 ni wachache. Lakini mwaka 2021 wanasayansi wengine walichukua vipimo vya maji hayo hayo kwa watu wazima 1,754, kutoka kwenye kumbukumbu zinazotunzwa na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki. Walikuta kwamba kati ya kila kalori 100 za ziada unazochoma kwa kujishughulisha, ni 72 tu, kwa wastani, zinazoonekana kwenye jumla ya siku. Kwa watu wanene sana kubana kulikuwa kukubwa zaidi, kukikaribia nusu.

Ukirudi kwa mwalimu wetu, zile 210 zake huenda zimebaki 150, au hata chini ya hapo. Hiyo ni nusu ya chapati, na bado hajagusa chai.

Hapa inabidi nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma, kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi, nilibandika ukutani karatasi niliyoiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito: soda moja ni sawa na kutembea dakika 30, andazi dakika 40, na kadhalika. Nilikusudia kuwatisha watu waache soda. Wagonjwa waliisoma kinyume. Waliisoma kama orodha ya bei. Mzee mmoja wa kisukari alikuwa akiniambia kwa furaha kila kliniki kwamba ametembea "soda mbili". Na alikuwa amezinywa. Sukari yake haikuwahi kushuka chini ya 11 kwa miezi yote niliyokuwa pale, na mimi niliendelea kumsifu kwa kutembea bila kumuuliza swali la pili. Karatasi ile niliibandua mwenyewe, ila nilichelewa.

Mazoezi yana faida kubwa, na nisingependa mtu aweke gazeti chini akiwa ameyaacha. Wahadzabe walewale walipopimwa kwa vifaa vya mapigo ya moyo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, walionekana kuwa kwenye shughuli za wastani na nzito kwa dakika 135 kila siku, na presha zao na mafuta kwenye damu yao vilikuwa vya kuonewa wivu hata kwa wazee. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kutembea kunashusha presha, kunasaidia sukari kuingia kwenye misuli, kunaleta usingizi, kunalinda misuli isiyeyuke pamoja na mafuta wakati unapungua uzito, na kunamsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Yule mwalimu, uzito wake ulipopanda kilo moja, presha yake ilikuwa imeshuka kidogo. Ilikuwa imeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki na hakuwa ameitazama, kwa sababu macho yote yalikuwa kwenye mizani.

Ila uzito wenyewe, kwa sehemu kubwa, unaamuliwa kwenye sufuria.

Hilo yeye analijua kuliko anavyodhani. Kwao ni Sale, kaskazini mwa Wilaya ya Ngorongoro. Wasomaji wengi mnaifahamu tarafa hiyo bila kujua jina lake, maana ndimo kilimo kijiji cha Samunge, ambako mwaka 2011 nchi nzima, na majirani, ilipanga foleni ya magari kwenda kunywa kikombe cha marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. (Nilikuwa na wagonjwa walioacha vidonge vya kisukari baada ya kikombe kile. Siku nyingine tutaongea habari zao.) Wenyeji wa Sale ni Wabatemi, wale ambao wengi huwaita Wasonjo, wakulima wanaomwagilia mashamba yao kwa mifereji ya asili inayotoka kwenye chemchemi. Mama yake mzazi, bibi wa miaka zaidi ya 70, bado anakwenda shambani na jembe zamu ya maji inapofika. Ni mwembamba. Hajawahi kuhesabu kalori wala kumiliki saa.

Nilimuuliza mwalimu: mama anakula nini akirudi kutoka mferejini? Akacheka. Anakula kile kile ambacho angekula kama asingekwenda. Ugali wa mtama au mahindi, maharage, mboga, maziwa yakiwepo. Akichoka sana anakaa kivulini. Hakuna chakula cha zawadi. Na mafuta ya kula, nikauliza. Chupa ndogo inakaa sana, akasema, tofauti na kwangu, mimi lita tano haimalizi mwezi, na tuko watu wanne.

Hapo alinyamaza, na nadhani alikuwa akipiga hesabu. Mimi nilishaipiga. Lita moja ya mafuta ina kalori zaidi ya 8,000. Lita tano kwa watu wanne kwa siku 30 ni karibu kalori 345 kwa kila mtu kwa siku, kutoka kwenye mafuta peke yake. Kutembea saa moja hakuwezi kushindana na chupa ile.

Nisieleweke kwamba nawaambia mle kama Wahadzabe au mrudi Sale. Wahadzabe wenyewe hupenda asali kuliko chakula kingine chochote, na asali ni sukari. Tofauti ni kwamba asali yao iko juu ya mbuyu pamoja na nyuki, na siku nyingine haipo kabisa, wakati soda yetu iko hatua ishirini kutoka mlangoni, kila siku, kwa bei ile ile. Nchi imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2004-05 ulikuta wanawake 18 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Ule wa 2015-16 ulikuta 28. Hata Sale siku hizi kuna lami kutoka Waso na bodaboda, na sijui mzazi gani atamwambia kijana apande mlima kwa miguu wakati pikipiki ipo.

Basi ufanyeje? Mazoezi yaondoe kabisa kwenye daftari la chakula. Kama programu yako ina sehemu ya kuunganisha saa na chakula, izime. Panga chakula cha siku kwa kuangalia mtu ulivyo, kazi unayofanya na uzito ulionao, kisha ule hicho hicho siku ya kutembea na siku ya kupumzika. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi kabla ya chai, kwenye mizani ile ile hata kama ni ya zahanati. Usiogope kilo moja ya kupanda na kushuka, mara nyingi ni maji. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani, kwani kuna wiki mizani inagoma na kiuno kinapungua. Kwa mwanamke tunataka kiwe chini ya sentimita 80, kwa mwanaume chini ya 94. Subiri wiki nne ndipo uamue. Ukipungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, endelea. Usipopungua, punguza mafuta na sukari, usiongeze saa ya pili ya kutembea kwa hasira.

Na ukipungua haraka kuliko hapo, ukawa unasikia kizunguzungu, unashindwa kulala kwa njaa, nywele zinakatika, basi ongeza chakula. Hapo ndipo kurudisha kunapohusika, na anayekuambia ni mwili wako kwa majuma kadhaa, sio saa kwa asubuhi moja. Nimekutana na mabinti wanaokula kalori 1,000 kwa siku na kukimbia saa mbili. Mpango ukiwa mkali kiasi kwamba huwezi kumaliza mazoezi bila kutetemeka, kosa liko kwenye mpango. Ongeza chakula cha kila siku, uache kukiita fidia.

Njaa ya baada ya mazoezi ipo, siikatai. Kunywa maji kwanza, ukae dakika ishirini. Mara nyingi inageuka kuwa kiu. Ikibaki, sogeza mlo wako uliopangwa uufikie mwisho wa mazoezi, badala ya kutengeneza mlo mpya. Mwalimu wetu alikuwa anatembea saa kumi na moja, anakula chapati saa kumi na mbili na nusu, kisha anakunywa uji na wenzake shuleni saa nne. Tulichofanya ni kuufanya ule uji ndio kifungua kinywa, akaubeba kwenye chupa na yai la kuchemsha, akautumia mapema kabla ya kengele ya kwanza.

Sasa wale niliowaahidi.

Wewe unayechoma insulini, au unayemeza vidonge vya kundi la glibenclamide, maneno yangu yote ya hapo juu usiyatumie kabla ya kuongea na kliniki yako. Kwako, kutembea saa moja bila kula kunaweza kushusha sukari mpaka ukaanguka barabarani. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, kula kitu chenye wanga kwanza, ndizi au kipande cha mkate. Beba sukari mfukoni. Ukianza kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, maneno kukuchanganya, kaa chini, lamba au kunywa vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari, subiri dakika 15, pima tena. Hapo hatuzungumzii kupunguza uzito, tunaokoa maisha. Na kama kila ukitembea inabidi ule ili usianguke, mwambie daktari wako, kwani huenda dozi ndiyo inayotakiwa kupunguzwa. Wengi hawasemi. Wanakula, uzito unapanda, dozi inaongezwa, wanakula tena. Anayetumia metformin peke yake hana hatari hiyo kwa kiwango kikubwa.

Mama mjamzito, huu si wakati wa kupunguza uzito. Anayenyonyesha mtoto mchanga anahitaji karibu kalori 500 zaidi kwa siku, atembee asitembee.

Na wewe mzazi. Mtoto haandikiwi kalori. Hata akiwa mnene, tunachofanya ni kuondoa soda na juisi za pakiti nyumbani, kumwacha acheze angalau saa moja kila siku, na kusubiri urefu wake uufikie uzito. Usimwambie "kimbia ndipo ule". Nimewahi kumwona binti wa miaka 13 aliyekuwa akiruka kamba chooni usiku kwa sababu amekula wali wa sherehe. Mama yake alidhani ni bidii.

Kwa wazazi wa Karatu na Mbulu nasema zaidi, kwa sababu eneo lenu huzaa wakimbiaji. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, na mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Mwanao anayefukuzia ndoto hiyo, akiwa na kilo 45 na akikimbia kilomita 12 asubuhi, ametumia zaidi ya kalori 500, maana kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kilo moja kwa kilomita moja. Huyo arudishe zote, na aongeze za kukua. Apate uji mzito wa maziwa, viazi, mayai, maharage, parachichi. Makocha wachache bado wanaamini mkimbiaji mwepesi ni mkimbiaji mwenye njaa. Binti anayekimbia akikosa siku zake miezi mitatu mfululizo, au akipata maumivu ya mfupa wa mguu yasiyoisha, mwili wake umeanza kukopa kwenye mifupa na homoni. Mpeleke hospitali, na mazoezi yapunguzwe mpaka chakula kitoshe. Usimpongeze kwa wembamba.

Kundi la mwisho halinihusu sana leo ila siwezi kuliruka. Kama unapungua uzito bila kukusudia, bila kubadili chakula wala mazoezi, usishukuru. Nenda ukapimwe kifua kikuu, kisukari na VVU.

Yule mwalimu aliniandikia tena juzi, safari hii mchana. Saa amemrudishia mwanawe, ila kutembea hajaacha. Wanatembea wawili sasa, yeye na jirani. Mafuta anapima kwa kijiko. Ana kilo 82 na nusu, presha 132 kwa 84, na kliniki wamemwambia waendelee kuangalia kabla ya kugusa dawa. Chapati anakula Jumapili, moja, kwa sababu ni Jumapili.

Alikuwa na swali moja. Likizo ya Desemba anakwenda Sale kwa mama yake wiki mbili, na mama hupika makande sufuria kubwa. Afanyeje?

Nimemjibu ale makande. Na zamu ya maji ikifika, aende na mama mferejini.